Mikono yangu imekataa kazi, na nyumbani naambiwa ni uvivu

SWALI

Asalaam alaikum Bi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, tunakaa Kisauni katika nyumba ya mavyaa. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi. Naamka saa tisa usiku, nakanda, nasukuma, nakata, nakaanga, na ikifika saa kumi na mbili unusu makondakta na watoto wa shule wako barazani wanangoja. Kazi hii ndiyo inayolipa karo na tokeni za stima, maana zamu za mume wangu bandarini leo zipo, kesho hazipo.

Miaka mitatu iliyopita, mtoto wa pili akiwa bado mchanga, vidole vilianza kuvimba. Nikasema ni uzazi, yatapita. Hayakupita. Yakaingia kwenye vifundo vya mikono, yakashuka nyayoni. Mkono wa kulia ukiuma, wa kushoto nao unauma, pahali pale pale. Asubuhi nikiteremka kitandani ni kama nakanyaga kokoto, na vidole havikunji hata kushika mswaki. Mtoto alipoacha ziwa nikaenda hospitali, nikatolewa damu, nikaambiwa ni baridi yabisi, ile ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoharibu viungo. Nikapewa methotreksati, vidonge vidogo vya njano, nimeze mara moja kwa wiki siku ya Ijumaa, na asidi ya foliki siku nyingine. Nikameza mwezi mzima nisione tofauti, nikaviweka kabatini.

Hapo mavyaa akaniletea unga wa dawa kutoka kwa mzee mmoja ng'ambo ya Likoni, kijiko asubuhi na kijiko jioni ndani ya uji. Bi, siku ya tatu nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi mwenyewe! Watu wakaniambia nimenawiri, uso umejaa. Baada ya miezi miwili unga ukaisha, maumivu yakarudi maradufu, hata leso nikawa nafungwa na binti yangu. Nikarudi kwa vidonge vya hospitali. Siku maumivu yakizidi naongeza kimoja cha njano katikati ya wiki, pamoja na diklofenaki ya duka la dawa, ili nipate kukanda. Naenda hivyo hivyo, ingawa wiki hizi hata hamri langu mwenyewe nashindwa kula, mdomo umejaa vidonda, nadhani ni chai ya moto.

Lakini Bi, shida yangu si dawa, dawa ninazo. Shida ni watu wa nyumbani. Mavyaa si mtu mbaya, wallahi, ila kila siku ana neno. "Sisi tulizaa, na nazi tukakuna mpaka siku ya uchungu." Ama: "Mgonjwa gani huyu, asubuhi hawezi kushika kikombe, jioni yuko barazani anacheka?" Nikikaa kitini kusali namwona ananitazama, na yeye mwenye miaka sabini anasali amesimama. Sasa ataka kuagiza ule unga tena, ati dawa za hospitali zinanimaliza. Na ataka mjukuu wa tatu. Mume wangu hasemi kitu, lakini usiku nikimwambia mikono inaniuma anageukia ukutani, najua anafikiri namkimbia. Juu ya hayo Ramadhani inakuja, na mfungo mosi wifi yangu anaolewa, nami nimeshatajwa kwenye wapishi.

Je, niache biashara? Na nifanyeje nieleweke, wakati sina kidonda cha kumwonyesha mtu?

Mama Mahamri, Kisauni

JIBU

Wa alaikum salaam mwanangu, na pole sana.

Mavyaa, mume na wifi wote nitawafikia, ila wangoje kidogo. Kuna sentensi uliyoipitisha haraka, ya kidonge cha katikati ya wiki na vidonda vya mdomo, na hiyo ndiyo iliyonishtua. Mimi si daktari, lakini hili kila mfamasia atakwambia: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, na haiongezwi bila idhini ya daktari. Ikizidi hupunguza chembechembe za damu na kuchubua utando wa mdomo na utumbo, na vidonda vya mdomoni ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Diklofenaki nayo yaweza kuzichelewesha figo kuitoa dawa hiyo mwilini, kwa hiyo hicho kidonge kimoja cha ziada kina uzito kuliko kinavyoonekana. Usimeze kingine cha njano mpaka uonwe. Enda hospitali leo, si wiki ijayo. Tia mapakiti yote ndani ya mfuko mmoja, useme waziwazi ulimeza nini na lini, wakupime damu, ini na figo. Ukipata homa, ukiona fizi zinatoka damu, michubuko isiyo na sababu, kuhara, au kikohozi kikavu na pumzi kukata, usingoje kupambazuke.

Na siku nyingine ukienda duka la dawa kwa mkojo unaochoma au kifua, anza kwa kutaja kwamba unatumia methotreksati. Septrin, ambayo hapa kwetu haikosekani kwenye droo ya nyumba yoyote, ikikutana nayo huleta balaa hilo hilo la damu.

Naona hukuelezwa vizuri dawa yenyewe inafanya nini. Si dawa ya maumivu. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili iache kuushambulia ule utando laini unaozunguka viungo, na kazi hiyo haionekani upesi: huchukua wiki 6 hadi 12 kabla mtu hajahisi tofauti. Uliiacha ikiwa bado haijaanza. Na kile ulichokiongeza katikati ya wiki hakikukusaidia lolote siku hiyo. Kilichokupa nafasi ya kukanda ni diklofenaki, na kidonge cha njano kilikuwa hatari tupu isiyo na faida. Ikiwa baada ya kuitumia sawasawa haitakufaa, au damu yako ikiikataa, daktari ana nyingine: sulfasalazini, hidroksiklorokwini, leflunomidi, na mara nyingine huchanganya mbili au zaidi. Hiyo diklofenaki nayo mwulize kama yakufaa, na kwa kiasi gani. Inakula tumbo, hupandisha presha, na hailiwi juu ya Brufen, maana hizo ni ndugu. Choo kikiwa cheusi tititi, tumbo linavuja damu.

Kuhusu unga wa mzee, sina haja ya kumtukana mtu nisiyemjua. Lakini dawa ya mizizi inayomnyanyua mgonjwa wa rumatoidi siku ya tatu, ikamjaza uso, kisha ikiisha maumivu yakarudi maradufu, yatia shaka kubwa kwamba imetiwa steroidi, za jamii ya prednisoloni au deksamethasoni. Si jambo geni. Katika nchi mbalimbali dawa za "mitishamba" za viungo zimepimwa maabara zikakutwa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa humo. Madaktari nao hutoa steroidi, ila kwa kipimo na kwa muda. Kwenye kijiko cha uji hakuna anayejua kipimo. Hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na aliyezitumia kwa wiki nyingi akikatiza ghafla anaweza kuzimia, kwa sababu mwili ulikuwa umeacha kutengeneza za kwake. Mwambie daktari ulikunywa miezi miwili. Ule uso uliosifiwa haukuwa unene wa afya.

Haya, tuingie ndani sasa.

Sisi wa pwani tumelelewa kwa "mvumilivu hula mbivu", na mwanamke asiyelalamika husifiwa mpaka siku ya hitima yake. Kwa maradhi mengi methali hiyo haina madhara. Kwa haya yako inayo. Kiungo kinachovimba bila kutibiwa hulika, mfupa na gegedu, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na kilicholika hakirudi. Ukinyamaza ukakanda, si subira hiyo, ni kuvitoa vidole sadaka. Kwa hivyo ushauri wangu wote unatoka hapo: sema mapema, na panga siku yako kwa saa za mikono yako.

Mavyaa ameuliza swali zuri kuliko anavyojua. Mgonjwa gani asubuhi hawezi, jioni anacheka? Mgonjwa wa rumatoidi! Ule ugumu wa asubuhi unaopita saa nzima, kisha ukalegea kadiri mwili unavyotembezwa, ni moja ya alama ambazo daktari huziulizia. Sasa fikiri: mavyaa ana miaka sabini, na sina shaka magoti yanamsumbua. Maumivu ya viungo vilivyochakaa kwa umri hukaza asubuhi dakika chache tu, yakaachia, halafu yakarudi jioni baada ya ngazi na shughuli. Hayo ndiyo anayoyajua, na anakupima kwa magoti yake. Kwake yeye mtu huwa mzima asubuhi na mbovu jioni. Wewe uko kinyume, basi waonekana mwongo. Hana nia mbaya. Ana kipimo kisicho chako.

Mchukue kliniki. Ila usimwambie "twende ukasikie kwamba kweli naumwa", hiyo ni vita. Mwambie, "Mama, nisindikize, naogopa kwenda peke yangu," na nadhani si uongo. Akae nawe kwenye benchi, Hospitali Kuu ya Pwani au popote unapotibiwa, awaone wenzio, na humo wamo wasichana. Mwombe daktari azungumze naye, si nawe. Majibu ya damu na picha ya mikono ndicho kile kidonda ulichokuwa huna cha kuonyesha. Na habari ya unga mwache daktari aiseme. Wewe umshukuru tu. Alitoa pesa zake mwenyewe kukutafutia dawa, na mtu anayekuona mvivu kweli kweli hakutafutii dawa.

Baada ya hapo, nyumbani punguza neno "naumwa". Kisauni nzima inaumwa. Taja kazi na saa: "Mama, leo mikono haijafunguka, vyombo nitaviosha baada ya adhuhuri." "Kufua sitafua leo, ila watoto nitawaogesha." Mtu akisikia utakachofanya na utafanya saa ngapi, hana nafasi ya kuwaza kwamba unakwepa. Siku ambayo hutaweza kitu chochote pia itakuja, kwa sababu maradhi haya yana kupanda na kushuka, na yakipanda huja na uchovu usiotibika kwa usingizi. Uchovu huo unatoka kwenye mwako ule ule wa ndani, na mara nyingi damu nayo huwa imepungua. Siku hiyo lala. Usiombe msamaha.

Mumeo naye anageukia ukutani kwa sababu habari anaipata mahali pabaya na saa mbaya. Mambo haya hayaelezwi kitandani, taa zimezimwa, yeye katoka zamu. Mweleze mchana. Halafu, siku asiyo na kazi, mwamshe saa tisa usiku akae jikoni, akuone unavyojaribu kushika mwiko. Usimhutubie, mwache aone. Ya chumbani nayo yana njia: oga maji ya moto kwanza, chagua saa ambayo mwili ni mwepesi, kwa wengi ni alasiri na mapema jioni, tia mito chini ya magoti na mikono, na mwambie pahali asiposhika. Ulikaa na somo wako kabla ya harusi akakueleza mambo makubwa kuliko haya, na hukufa kwa haya. Mumeo hawezi kukushinda.

Mjukuu wa tatu: kwa sasa, la. Methotreksati huharibu mimba na huleta ulemavu kwa mtoto, na huachwa miezi kadhaa kabla ya mama kushika mimba, kwa mpango wa daktari, ambaye anaweza kukubadilishia dawa zinazokubalika kwa mja mzito. Mpaka hapo unahitaji uzazi wa mpango wa uhakika, na hili ulizungumze hiyo safari ya leo leo. Haimaanishi mlango umefungwa. Wanawake wengi wenye maradhi haya hupata nafuu wakiwa na mimba, na wengi pia huyaona yanarudi baada ya kujifungua, ndiyo maana inatakiwa mipango. Mavyaa mwambie, "Daktari amesema tungoje dawa." Sentensi hiyo yatosha, na ni kweli.

Biashara usiiache. Ihamishe saa.

Bila ya kujua umejichagulia kazi nzito kuliko zote kwa mikono hii, kwenye saa mbaya kuliko zote. Kukanda unga wa mahamri kunataka vifundo vya mikono na vidole kwa pamoja, kwa nguvu, saa tisa usiku, wakati viungo vyako viko kwenye kilele cha kukaza. Na Mombasa haili asubuhi tu. Jioni, kuanzia alasiri, kila baraza lina mtu ananunua viazi karai, mihogo ya kukaanga, bhajia, chatini ya ukwaju. Viazi karai havikandwi. Vichemshe na maganda yake, vikipoa kidogo ganda linavulika kwa kidole bila kisu, uji wa unga wakorogwa kwa mwiko mpana, na kazi yote unaianza saa nane mchana mikono imeshafunguka. Mwezi wa Ramadhani, saa mbili kabla ya magharibi, utauza zaidi kuliko ulivyowahi kuuza asubuhi.

Kama makondakta wako wameyazoea mahamri na hutaki kuwapoteza, basi unga ukandwe jioni. Punguza hamira, ukande kidogo kidogo kwa mafungu mawili badala ya beseni moja zito, ufunike ulale pahali pa baridi. Kipindi cha kaskazi usiku ni wa joto, hamira ipunguzwe zaidi la sivyo utaamka na unga mchachu. Afadhali zaidi, mlipe kijana wa mtaani akande, wewe ukapime iliki, sukari na tui, maana ladha iko hapo, si kwenye misuli. Kusukuma na kukata binti yako anaweza likizo ikifika, si siku za shule. Na mafuta ya moto mwanangu, alfajiri usiyaguse. Karai la mafuta linaloponyoka kwenye mkono uliokaza litakuletea msiba mwingine. Likishatumika liache pale pale mpaka lipoe.

Nazi usikune tena. Kongowea na Marikiti zinakunwa kwa mashine mbele ya macho yako, na tui la pakiti lipo. Ukikaa kwenye mbuzi unaviumiza viungo karibu vyote ulivyonitajia, na bado utasema "nilikuna kidogo tu".

Jikoni kanuni ni kukipa kiungo kikubwa kazi ya kiungo kidogo. Mkoba uutundike kwenye mkono karibu na kiwiko au begani, usiubebe kwa vidole. Sufuria ishike kwa viganja viwili chini, si kwa masikio yake. Mpini wa kisu na wa mwiko uviringe kwa kitambaa au mpira uwe mnene, mkono usilazimike kukaza ngumi. Kifuniko cha chupa kifungue kwa kiganja juu ya kitambaa kibichi, au mwachie mtu. Dumu la lita 20 lisikuone kabisa. Siku maji yakikatika, na tunajua yanavyokatika, jaza vidumu vya lita 5. Kaa kwenye kiti kirefu, kile kibao cha chini kinakutesa magoti wakati wa kuinuka. Na zile ndara bapa za mia mia ndizo zinazokuletea kokoto. Tafuta kiatu chenye soli nene laini na nafasi mbele. Mitumba ya Kongowea ina raba nzuri kwa bei ya sahani chache za viazi.

Asubuhi, kabla ya kugusa kitu chochote, beseni la maji ya vuguvugu. Mikono ndani, fungua na ufunge ngumi pole pole, dole gumba liguse ncha ya kila kidole, mpaka uone vimelainika. Udhu wako utie kwa maji hayo hayo ya vuguvugu. Siku viungo vimetulia usikae tu kwa kuogopa, tembea. Na sisi tuna bahari, mwanangu, ambayo watu wanapanda ndege kuifuata. Maji yetu hayana baridi. Jumapili teremka ufukweni na watoto wakati bahari imetulia, ingia mpaka kiunoni, utembee ndani ya maji. Uzito wa mwili unachukuliwa na maji na viungo vinafanya kazi bila kubebeshwa. Masika utasikia yamezidi kidogo, wengi husema hivyo. Lakini feni haikukuletea maradhi haya, wala maji ya kuoga, hata akiapa nani.

Kusali kitini usione haya hata kidogo. Imran bin Huswayn alikuwa mgonjwa, akamwuliza Mtume (SAW), akaambiwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Hakuulizwa umri wake. Mavyaa hadithi hiyo anaijua, amesahau tu kwamba na wewe imekuhusu. Saumu izungumze na daktari kabla Shaabani haijaisha. Dawa ya mara moja kwa wiki inaweza kumezwa baada ya futari, hiyo si tabu. Tabu ni diklofenaki kwenye tumbo tupu, na figo kukosa maji mchana kutwa. Akikukataza, ruhusa imo ndani ya Qur'ani, Sura ya Pili, na kulipa baadaye au kutoa fidia utaelezwa na sheikh wako.

Gharama: uliza dirisha la SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, palepale hospitali ni vipimo gani vimelipiwa na dawa gani utanunua mwenyewe, na hakikisha michango yako imeingia, maana kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi tangu Oktoba 2024. Vipimo vya damu usivikwepe kwa kubana pesa. Mwanzoni ni kila baada ya wiki chache, dawa ikizoeleka huwa kila miezi mitatu hivi, na ndivyo vinavyokulinda na dawa yenyewe. Madaktari waliobobea kwa viungo ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo wa hapa akikuandikia barua ya kwenda, usiiweke kabatini na vile vidonge.

Imebaki harusi. Usijitoe, jitoe kwenye vitunguu. Kila harusi ya Mombasa ina kazi ambayo wote huikimbia: kushika daftari, nani kaleta mchele, nani kachanga nini, deri zimerudi ngapi. Hiyo yataka mtu mwenye akili ya biashara, akae kitini, na waheshimike wote wawili, yeye na daftari. Piko ukipakwa angalia isiwe ile iliyotiwa dawa nyeusi ya nywele, inaunguza ngozi za watu wazima na afya zao. Na wifi yako umwambie wiki hii, kabla mfungo haujaingia, akiwa bado ana nafasi ya kutafuta mtu mwingine wa kukuna nazi.